Siku Madame Alipoingia Mjini na Vumbi

Mume wangu Adolphe ana gari moja na mke mmoja. Gari analiita Madame. Mimi ananiita weye.

Sisemi hivi kwa wivu. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, nimezoea kushindana na vitu visivyosikia. Nasema tu ili anayesoma ajue mapema nyumba yetu ya Nyakasanza, hapa Bunia, imepangwa namna gani. Madame ni pikapu nyeupe ya Kijapani, umri wake na wa binti yetu Chancelle haupishani sana, na katika maisha yake yote Chancelle hajawahi kusuguliwa nyuma ya masikio kwa uangalifu ambao Madame husuguliwa nyuma ya vioo. Kazi ya Madame ni kupanda mlimani mpaka mji wa Kilo na kushuka. Anapanda na chumvi, sabuni, mabati na watu. Anashuka na ndizi, mihogo, mafuta ya mawese na watu walewale. Barabara ni ya udongo mwekundu. Ukiipita wakati wa kiangazi unafika na rangi ya tofali, na mama yako mzazi anakuuliza jina.

Madereva wengine wa njia ile huingia Bunia na vumbi lao bila haya. Adolphe hapana. Chini ya mteremko wa mwisho, kabla ya nyumba za kwanza za mji, kuna kijito, na kwa miaka kumi na minane mume wangu hajakivuka bila kusimama. Anakunja suruali, anatoa beseni chini ya kiti, anamwosha Madame kwa mkono wake mwenyewe huku abiria wakinung'unika juu ya mizigo. Akimaliza anaingia mjini polepole, kiwiko nje ya dirisha, gari jeupe kama shati la komunyo ya kwanza, na watu kando ya njia wanasema, "Papa Adolphe yule." Ndilo analotaka. Hajawahi kuwa na cheo, shule hakumaliza, baba yake alimwachia ng'ombe wawili na wote wakafa mwaka uleule. Ana kitu hicho kimoja tu, kwamba gari lake haliingii mjini na vumbi. Namcheka, lakini namwelewa.

Taabu ilianza mwezi wa pili. Madame alianza kutetemeka.

Si kila wakati. Akienda, alienda vizuri. Akipanda, alipanda vizuri. Lakini Adolphe akikanyaga freni, au breki kama wanavyosema jirani zetu wa Uganda, Madame alishikwa na homa. Usukani ulimcheza mikononi, pedali ikamrudishia teke mguuni, na kule nyuma abiria wakagongana vichwa kama mbuzi. Na abiria wetu si watu wa kunyamaza.

"Hii gari iko na malaria," alisema Mama Camille, muuza mayai, mwanamke mwenye mwili wa heshima na sauti kubwa kuliko mwili. "Muipatie kinini."

"Hapana malaria," alijibu mzee mmoja wa mihogo. "Hii ni mimba."

Kwaya ya parokia ilisafiri na Madame kwenda kuimba Kilo. Wakati wa kurudi walikuwa wakifanya mazoezi, na kila mteremko uliwakatia Haleluya vipande vipande. Mwalimu wa kwaya alifurahi sana. Alisema tangu azaliwe hajasikia wanawake wa Bunia wakitikisa sauti vizuri hivyo, akamwomba Adolphe akanyage freni kwa nguvu zaidi ubeti wa tatu ukifika. Kisha akaja pasta Moïse, ambaye si wa kanisa letu lakini haogopi kazi. Alikaa mbele, akaweka mkono juu ya dashibodi, akaamuru kitu kile kitoke. Adolphe akakanyaga freni. Kitu hakikutoka, ila meno ya bandia ya pasta yalitoka, yakaangukia kwenye kikapu cha Mama Camille aliyekaa kando yake, na pasta akavunja mayai manne akiyatafuta.

Sasa lazima nimtaje Mumbere, maana bila yeye hii ingekuwa habari ya gari tu.

Mumbere ni fundi wa magari, garaji yake iko mtaa wa Ngezi, chini ya mabati sita na nguzo nne. Alitoka Butembo miaka kumi na sita iliyopita na sanduku la funguo za kufungulia nati na shati moja, na mtu wa kwanza kumpa kazi mjini hapa alikuwa Adolphe. Tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliogusa tumbo la Madame. Ufunguo wa pili wa gari ulikaa kwake, umetundikwa kwenye msumari karibu na picha ya marehemu mama yake. Ni baba wa ubatizo wa Chancelle. Kila Jumapili baada ya misa anakula kwetu, ana kiti chake, kile chenye mgongo. Ni mtu wa maneno machache. Adolphe husema kwa niaba ya wote wawili, kuhusu pampu za mafuta na springi, na Mumbere huitikia "Mmh" mpaka jua linateremka. Hiyo kwao ndiyo furaha. Nimeishi nayo kama watu wanavyoishi na redio ya jirani.

Mumbere aliinua Madame na jeki, akazungusha gurudumu la mbele, akainamisha sikio.

"Diski imepinda," alisema.

Diski ni ile sahani ya chuma ndani ya gurudumu ambayo freni huibana ili gari lisimame. Ikipinda, hata kidogo tu, freni hubana na kuachia, hubana na kuachia, na ndiyo ile homa. Mumbere alizipeleka diski zote mbili kwa mchonga vyuma, mwenye mashine inayozungusha chuma na kukikwangua mpaka kinyooke. Madame akapona. Baada ya wiki mbili, homa ikarudi. Wakakwangua tena, diski zikawa nyembamba. Baada ya siku kumi, homa. Mumbere akasema sasa hakuna nyama ya kukwangua, zinunuliwe mpya. Zikanunuliwa mpya, zikatoka Kampala zimefungwa karatasi yenye mafuta, Adolphe akalala nazo chumbani usiku mmoja kama wageni. Wiki tatu baadaye alikanyaga freni mbele ya soko, na Madame akatetemeka mpaka kioo cha pembeni kikageuka kumtazama.

Nilikuwepo asubuhi ile garajini, nikingoja lifti ya kwenda shule. Walikuwepo pia wateja watano na muuza karanga. Mumbere alizungusha gurudumu, akaweka kidole.

"Imepinda tena," alisema.

"Tena?"

"Tena. Diski iko mupya, lakini imepinda. Kaka Adolphe, kuko kitu unafanya ku hii gari…"

"Miye?" Mume wangu aligeuka kuwaangalia wateja, kama anawaita mashahidi. "Miye ninafanya kitu? Miye ninaosha hii gari kuliko watu wanaosha watoto! Ni nani anashika hii diski? Ni weye. Ni nani anaiweka? Ni weye. Mara tatu, Mumbere! Pengine diski haiko na shida. Pengine ni mukono yako njo imepinda."

Hata muuza karanga aliacha kutafuna. Fundi unaweza kumwambia amechelewa, unaweza kumwambia ni mchafu, unaweza kumwambia chochote kuhusu dini yake. Mkono wake humwambii.

Mumbere aliweka chini kifaa alichoshika. Akachukua kitambaa, akapangusa vidole kimoja kimoja. Aliingia ndani, akatoka na ule ufunguo wa pili, akauweka juu ya boneti ya Madame taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Basi," alisema, "utafute mukono yenye kunyooka."

Ndivyo miaka kumi na sita ilivyokwisha, saa moja na nusu asubuhi, nami nikachelewa shule.

Jumapili hiyo kiti chenye mgongo kilikaa kitupu. Nilipika kama kawaida, bugali na sombe ya majani ya muhogo, na samaki, na Adolphe akaweka sahani nne mezani, kisha akatazama ile ya nne, akairudisha kabatini. Jumapili ya pili akaiweka tena, akairudisha tena. Alikuwa akikaa mlangoni akitazama njia, na ukimuuliza anatazama nini anasema hali ya hewa. Nilimwonea huruma, kisha nikajionea mimi mwenyewe, maana mtu aliyezoea kueleza pampu za mafuta lazima apate wa kumweleza. Alinieleza mimi. Jikoni alinifuata, kisimani alinifuata. Wiki hiyo kikaango changu kizuri nilikuwa nimekipinda kitako kwa haraka zangu mwenyewe, kikawa kinacheza juu ya jiko kama kiti chenye mguu mfupi, nami nilisimama pale nimekishika kwa mkono mmoja na kugeuza ndizi kwa mwingine, mume wangu nyuma yangu akisema habari za springi. Niliapa moyoni Mumbere lazima arudi, hata ikibidi nikambebe.

"Enda umuombe musamaha," nilimwambia.

"Aombe yeye. Ni yeye alipindisha."

Alimpata fundi mwingine hapa hapa Nyakasanza, kijana anaitwa Fabrice, mwenye ovaroli ya bluu isiyo na doa. Adolphe alirudi nyumbani akisifu: fundi msafi! Nilimwambia fundi msafi ni kama mpishi asiyenuka kitunguu, jihadhari. Fabrice alibadilisha matairi ya mbele kwenda nyuma. Akasema tatizo ni usukani. Akasema tatizo ni barabara. Mwisho alishauri wawekwe mifuko miwili ya mchanga nyuma ili Madame atulie, na kwa siku nne mume wangu alibeba mchanga kwenda Kilo, akaurudisha Bunia, akaupeleka tena Kilo. Madame hakutulia. Alitetemeka akiwa mzito.

Jumamosi iliyofuata nilipanda naye. Dada yangu Bénédicte anaishi Kilo, alikuwa amejifungua, nikaenda kumwona mtoto. Wakati wa kurudi alinipa kuku mmoja hai, nikakaa naye mbele, kichwa chake nje ya kitambaa changu. Kwa bahati siku hiyo hatukuwa na abiria, nyuma ilikuwa mihogo tu. Vumbi lilituingia puani, mdomoni, ndani ya maneno. Mteremko wa mwisho ni mrefu, na Adolphe aliushuka mguu wake ukiwa juu ya freni kuanzia juu mpaka chini, Madame akitetemeka, mimi nikitetemeka, kuku akitetemeka, mpaka nikasikia harufu ya kitu kinachoungua.

"Nini iko naungua?"

"Ni freni. Ikishuka inapata moto. Ni kawaida," alisema kama mtu mwenye elimu.

Tulifika kijitoni. Hata injini haijanyamaza vizuri, tayari alikuwa chini, suruali imekunjwa, beseni limejaa. Akamwagia gurudumu la mbele.

Tshiiiiiii!

Mvuke ulipanda mpaka kwenye dirisha langu. Kuku alinirukia kifuani. Na ndani ya ile sauti kulikuwa na kitu kidogo kingine, tak, kama mtu anavunja ukucha. Ile sauti ninaifahamu. Niliisikia jikoni kwangu siku ile niliyokuwa na haraka, nikamwaga maji baridi kwenye kikaango kilichotoka motoni. Tshiiii, tak, na kitako kikapinda.

Alikuwa anajaza beseni la pili.

"Papa Chancelle! Hapana mwanga maji!"

"Juu ya nini nisimwange?"

"Ile sauti. Ni sauti ya kikaango yangu."

Alinitazama jinsi mume anavyomtazama mke aliyepigwa na jua. Nilishuka na kuku wangu, nikasimama mbele yake kama nasimama mbele ya darasa la tano.

"Diski iko ya nini?"

"Ya chuma."

"Kikaango iko ya nini?"

"Ya chuma."

"Diski imetoka kushuka mulima, iko moto ao haiko moto?"

"Iko moto."

"Na weye unaimwangia maji ya nini?"

"Ya baridi." Aliyasema mwenyewe, na nikaona yanaanza kumwingia. Lakini mume wangu hashindwi hivihivi. "Mais lakini miaka kumi na munane ninaimwangia maji hapa! Hapa hapa! Juu ya nini haikupinda zamani?"

Nilifungua mdomo ili nijibu, nikaufunga. Maana upande wa pili wa barabara, hatua thelathini kutoka tulipokuwa, moshi ulikuwa ukipanda kutoka kibandani kwa Mama Adeline.

Mama Adeline huuza chai ya sukari nyingi na mikate ya kukaanga katika mafuta, ile ya duara. Kwa miaka kumi na saba na miezi minane, Adolphe alipofika chini ya mteremko alikaa kwanza kwa Mama Adeline. Saa nzima. Vikombe viwili, mikate sita. Ndipo anaenda kuosha. Mwezi wa kwanza nesi wa kituo cha afya akampima, akasema sukari imepanda. Mimi nikapiga simu kwa Mama Adeline siku ileile, nikamwambia akimuuzia mume wangu mkate hata mmoja nitakuja na darasa langu lote. Adolphe alikasirika. Tangu siku hiyo hakusimama pale hata kusalimia. Alitoka mlimani moja kwa moja mpaka majini, diski zikiwa bado moto.

"Juu ya mikate," nilisema kwa sauti ndogo.

Alitazama kibanda. Alitazama gurudumu. Alihesabu miezi kwa vidole, na uso wake ukaanza kung'aa, Mungu amsamehe.

"Donc, kumbe ni weye!" alisema. "Ni weye ulipindisha diski ya Madame!"

"Miye nilikuchunga na sukari!"

"Ni weye! Mumbere anazungusha gurudumu, Fabrice ananibebesha muchanga, pasta anapoteza meno, kumbe ni bibi yangu!"

Alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe. Nami nikacheka, nifanye nini, kuku yuko kwapani. Halafu kicheko chake kikakatika ghafla. Alikuwa anaangalia beseni mikononi mwake.

"Nilimuambia mukono yake imepinda," alisema.

"Mbele ya watu," nilisema, maana mimi si mwepesi wa kufariji.

"Mbele ya watu."

Aliinuka, akamwaga maji ya beseni kwenye majani, akalirudisha chini ya kiti, akakunjua suruali yake.

"Panda," alisema.

"Na kuosha?"

"Panda, weye."

Na hivyo ndivyo Madame alivyoingia Bunia na vumbi, Jumamosi, saa tisa mchana, watu wote wakiwa nje. Alikuwa mwekundu kuanzia paa mpaka chini, isipokuwa gurudumu moja. Kiwiko cha Adolphe hakikuwa dirishani. Alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele kama mtu anayepelekwa kwa mkubwa wa shule.

Mtu wa kwanza kutuona alikuwa fundi cherehani mmoja. Aliacha mashine, akasimama. "Papa Adolphe! Pole! Ni nani?"

Sikuelewa. Wa pili akavua kofia. Wa tatu, mwenye pikipiki, akawasha taa mchana na kutufuata nyuma taratibu. Ndipo nikaelewa. Miaka kumi na minane watu wamemwona akipita mweupe. Leo anapita na vumbi, mke wake kando amejitanda kitambaa, anashika kuku. Hakuna maelezo mengine. Kwetu kuna mtu amekufa.

"Uwaambie!" nilimwambia.

"Niwaambie nini? Kwamba sikuosha gari?"

Sokoni Mama Camille alituona. Alipiga yowe, akashusha kilemba chake, akakifunga kiunoni, akamkabidhi jirani biashara yake na kupanda nyuma juu ya mihogo akiwa na kikapu kimoja cha mayai, maana matanga hayaendwi mikono mitupu. Akaanza kulia. Alimlilia marehemu kwa sifa nyingi, bila jina, kwa kuwa hakulijua. Wanawake wengine wawili wakapanda. Tulipokata kona ya Ngezi pikipiki zilikuwa tisa, na baiskeli moja yenye mtungi wa maziwa, na Adolphe akakanyaga freni mbele ya garaji, na kilio chote kule nyuma kikatetemeka pamoja, uuu-u-u-u-u, vizuri kuliko kwaya.

Mumbere alitoka chini ya lori. Aliona pikipiki, aliona wanawake wanaolia, aliona gari. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipoteza damu upesi vile. Alikuja mpaka dirishani kwangu.

"Siyo Chancelle?" aliniuliza. "Mama Chancelle, siyo mutoto?"

"Hapana, hapana, Chancelle iko nyumbani. Hakuna muntu amekufa."

Alishika mlango, akapumua. Nilitaka kulia kweli sasa, mimi ambaye silii. Wiki tano hakukanyaga kwetu, na neno lake la kwanza lilikuwa jina la mtoto wetu.

Kisha akaliona vumbi. Alizunguka gari lote, polepole, hadi akarudi mbele, kwenye gurudumu moja safi. Adolphe alikuwa ameshuka, amesimama mikono ikining'inia.

"Imechafuka," alisema Mumbere.

"Eeh."

"Haukuosha."

"Nilianza. Nikaacha." Adolphe alimeza mate. Pikipiki zilizimwa moja moja. "Mumbere, ile maji. Nilikuwa ninamwanga maji ku diski ikiwa moto. Mara zote. Weye ulitaka kuniuliza, nikakukata sauti. Mukono yako imenyooka, ndugu yangu. Ni kichwa yangu njo ilipinda." Na sauti yake ilitetemeka kuliko Madame.

Mumbere alichuchumaa, akasogeza kiganja karibu na gurudumu, akaliacha. Akasimama. Akaenda kwenye mlango wa dereva, na mbele ya watu wote wale akainua kidole chake cheusi cha mafuta na kukiweka juu ya Madame. Hata Mama Camille alinyamaza, maana mji mzima unajua kwamba mtoto aliyegusa gari lile anafukuzwa mpaka kwao. Mumbere akaandika ndani ya vumbi, herufi kubwa, kama za darasa la pili:

NGOJA IPOE

Kisha akanyoosha kiganja, akangoja. Adolphe akaingiza mkono mfukoni na kutoa ule ufunguo wa pili. Wiki tano alikuwa akitembea nao, nami nafua suruali zile na sikujua.

"Sasa hakuna matanga?" aliuliza Mama Camille kutoka juu ya mihogo. "Na miye nimelia namna hii bure?"

Hakuna aliyekuwa na haraka tena, na gari lilihitaji saa nzima kupoa. Watu wakakaa. Mtu akaleta viti, mtu akaleta chai, na yale mayai yaliyonusurika Mama Camille akayachemsha, akisema machozi yake lazima yale kitu. Mikate ya kukaanga ikapita kwenye sinia. Ilipofika kwa mume wangu hakuichukua. Alinitazama mimi, kama mbwa anayetazama mlango.

"Moja," nilisema.

Mumbere alizipeleka diski kwa mchonga vyuma mara moja zaidi, na mpaka leo Madame anasimama kimya kama mtawa. Nimempigia simu Mama Adeline: mume wangu akae pale saa nzima, kila safari, chai bila sukari, mkate mmoja. Jumapili sahani ni nne. "Mmh," anasema Mumbere katika kiti chake, na mimi nimerudi kukaanga ndizi zangu peke yangu, kwa amani.

Jumatatu ile Adolphe alimwosha Madame nyumbani, amepoa kabisa, kuanzia paa mpaka matairi. Alimsugua mpaka akang'aa kama desturi. Ila kwenye mlango wa dereva alizunguka. Aliosha juu ya maneno yale, akaosha chini yake na kando yake kwa kitambaa kidogo, akaliacha bamba lile la vumbi jekundu pale lilipo, akaingia nalo mjini hivyo hivyo, kiwiko nje, juu yake. Waliomcheka aliwapigia honi.

Alhamisi mvua ilikuja. Nilimsikia akitoka kitandani, akipekua kabati, na nilipofungua dirisha nilimwona uani, miguu mitupu, amesimama kando ya gari na mwavuli wangu wa kanisani, ule wa maua ya waridi. Mwavuli ulikuwa juu ya mlango wa dereva wenye maneno yale. Yeye mwenyewe alikuwa analowa.

"Papa Chancelle," nilisema, "ingia ndani."

"Ngoja ipite," alisema.

Nikachukua kitenge, nikatoka nikasimama naye.